Akili Ikiugua Usiku, Unampigia Nani?

Stima ikikatika mtaani, hata mtoto wa darasa la nne anajua kwamba Kenya Power hupatikana kwa 97771. Pesa za M-Pesa zikienda kwa mtu asiyekusudiwa, hakuna anayeuliza Safaricom wanapatikana wapi. Fundi wa bomba, mwenye bodaboda wa kuaminika usiku, muuza gesi, wote wamo kwenye simu, wengine kwa majina ya kuchekesha. Lakini siku kijana wa nyumba anapokesha usiku wa tatu mfululizo, akasema majirani wamemtilia sumu kwenye maji na kwamba redio inamtaja jina, watu wote wa nyumba hushika simu zao na hakuna anayejua abonyeze nini.

Kinachofuata tunakijua, maana hakitofautiani sana kutoka Kisauni hadi Kisumu. Simu ya kwanza humwendea mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye mkubwa. Mjomba husema ngojeni kupambazuke. Ya pili humwendea aliye Riyadh au Minnesota, kwa kuwa ndiye mwenye pesa, naye kwa uchungu wa kuwa mbali hutoa amri tano kwa mpigo. Halafu jambo linatiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kila mtu ana ushauri na hakuna hata mmoja anayevaa viatu. Maalim anaitwa, au pasta. Saa nane za usiku, sahani zikishavunjika, vijana wa mtaa wanaletwa na kamba. Polisi wanafuata. Hospitali ikifikiwa, inafikiwa mwisho, na mgonjwa anaingia akiwa na michubuko mikononi ambayo jioni hakuwa nayo.

Huruma haijakosekana katika kisa hiki. Kilichokosekana ni mpangilio: nani apigiwe kwanza, nani baadaye, na nani asipigiwe kabisa. Na mpangilio wa namna hiyo haufanyiki usiku wenyewe, watu wakiwa wamevaa kanga mbio mbio na mtoto mdogo analia.

Woga wa kupiga simu una asili yake. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, tulichorithishwa na ukoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na adhabu ilifika kifungo cha miaka miwili, faini, au vyote viwili. Mama aliyemwahi binti yake dakika ya mwisho alikuwa na mahesabu mawili ya kupiga kwa wakati mmoja: kumwokoa mtoto, na kumficha asijulikane na polisi. Hospitalini familia zilizoea kusema uongo. Alianguka. Alikosea dawa. Alikula kitu kibaya. Daktari alitibu tumbo, akaandika kilichosemwa, na msichana akarudi nyumbani bila mtu hata mmoja kumuuliza kilichomfikisha hapo.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake, kumvunjia heshima na kumzuia asitafute matibabu. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili nchini. Habari hiyo ilivuma kidogo, kisha siasa ikaifunika, na wapo wangali wanaamini kwamba kusema ukweli kwenye kasualti ni kumpeleka ndugu yao jela. Semeni ukweli. Daktari asiyeambiwa kilichotokea hawezi kutibu kilichotokea. (Msomaji wetu wa Tanzania ajue kwamba kwake Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa.)

Na polisi je? Wana nafasi yao, ila ni ndogo kuliko tunavyowapa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilimpa afisa wa polisi, na hata chifu na naibu wake, uwezo wa kumchukua mtu ambaye ugonjwa wa akili umemfanya awe hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, lakini kazi yao ni kumfikisha hospitalini ndani ya saa 24, wala si kumlaza seli pamoja na wezi wa kuku. Kwa hiyo 999 au 112 hupigwa pale ambapo mgonjwa ameshika panga au kisu, au tayari anaumiza watu. Anayepiga atamke mapema kabisa kwamba huyu ni mgonjwa, aseme kama ana silaha au hana, kisha atoke nje awalaki askari mwenyewe kabla hawajaona mlango. Askari aliyeambiwa "kuna mtu anatuvamia" na askari aliyeambiwa "kuna mgonjwa wetu ameshika kisu, anaogopa sana" hawashuki garini kwa namna moja. Mahali ambapo chifu anaijua familia kwa majina, mimi ningemwita yeye kabla ya kituo cha polisi.

Hata hivyo kuna swali linalotangulia haya yote, na ndugu wengi hulisahau: hii ni akili, au ni mwili? Mtu mzima ambaye hajawahi kuugua akili, asubuhi alikuwa salama, jioni anaweweseka, hajui ni siku gani wala yuko wapi, mwili unachemka. Huyo, ya nini kumwitia daktari wa akili? Anahitaji kasualti iliyo karibu kuliko zote, apimwe malaria, sukari na homa ya uti wa mgongo. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu atukane wazazi wake kwa maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini akakosa kula anaweza kuwa mkali na kupepesuka kama mlevi, na akishawekewa sukari mshipani hurejea fahamu na kuuliza mbona mnanitazama hivyo.

Mnywaji wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla, labda kwa kuahidi kanisani au kwa kukosa pesa, naye huanza kutetemeka, na siku ya pili au ya tatu huona wadudu ukutani na kupigana na watu wasiokuwepo. Mtaani watasema pombe imemharibu kichwa, mwacheni alale itamtoka. Ukweli ni kwamba mtu huyu anaweza kufa, na pahali pake ni hospitali usiku huohuo. Halafu kuna mzazi mchanga. Amejifungua wiki moja au mbili zilizopita, halali hata mtoto akilala, anaongea mbio, anashuku kwamba mtoto amebadilishwa au si wake. Wazee wetu wa kike wana majina mengi ya hali hii na tiba nyingi za kufukiza. Lakini ni maisha mawili yaliyo hatarini, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika ya kwenda msalani. Akitibiwa mapema hupona vizuri sana.

Katika visa vyote hivyo usipoteze muda na simu za ushauri. Tafuta gari.

Simu za ushauri zina kazi nyingine, na ni kazi kubwa. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alitangaza kwamba yeyote anayefikiria kujiua apige MAN 9000, nambari ya simu ya kanisa lake la St Stephen Walbrook. Alidhani watu watamhitaji yeye. Walikuja wengi mno, wakawa wanangoja zamu yao chumba cha nje, na waumini wa kujitolea wakawapa chai na kukaa nao. Baada ya muda kasisi aligundua kwamba wengine wanaondoka bila kumwona, nafsi zimewatulia. Walichokuja kutafuta walikwisha kukipata kwa yule mtu wa chai. Vuguvugu la Befrienders lilizaliwa katika ukoo huo, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina 1199, ambayo haikati pesa hata shilingi. Mtoto, au mtu mwenye wasiwasi kuhusu mtoto, apige 116. Penye pombe au dawa za kulevya kuna 1192 ya NACADA, bure pia.

Anayepiga si lazima awe mgonjwa. Hili halisemwi vya kutosha. Dada aliyemwona kaka yake akigawa nguo zake, akilipa madeni ya miaka na kuaga watu bila safari, anaruhusiwa kupiga yeye mwenyewe na kusema: nina wasiwasi na kaka yangu, nimwambie nini? Atasikilizwa. Na moja ya mambo atakayoambiwa huenda likamshtua, kwamba amuulize kaka yake waziwazi, "Umefikiria kujiua?" Tumelelewa kuamini kuwa kutaja ni kuita. Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa fani hii wanasema kinyume: swali hilo halipandi wazo, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kwanza ya kulitua. Akijibu ndiyo, na akawa amekwisha kupanga namna, asibaki peke yake tena. Dawa zilizomo nyumbani, sumu za shambani, na chochote alichokitaja, vitolewe humo ndani mara moja, na aende hospitalini na mtu anayempenda. Shirika hilohilo linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kati yao wamo vijana wengi.

Sasa tushike kisa kimoja tukitazame kwa karibu. Saa tatu za usiku, Mlaleo, Kisauni. Kijana wa miaka 24. Dada mtu ameikumbuka hospitali ya Port Reitz, ambako ndiko mgonjwa huhudhuria kliniki ya akili, na muuguzi amepokea simu. Dada mwenye hofu hulia, "Sista tusaidieni, kaka amechizi, njooni!" Muuguzi hana la kufanya na maneno hayo, na hakuna gari la kutumwa. Dada aliyejiandaa anasema hivi: "Sista, shikamoo. Napiga simu hii kwa ajili ya kaka yangu, ana miaka 24, ni mgonjwa wenu. Hajalala tangu Jumatatu. Anasema majirani wanamtilia sumu, hali chakula cha nyumbani. Hana silaha, hajampiga mtu. Hana homa. Dawa aliziacha mwezi uliopita, na sindano ya mwezi hakuja kudungwa. Tunaweza kumleta sasa, au tungoje saa kumi na mbili?" Kwa dakika moja muuguzi amepata kila anachohitaji, na jibu atakalotoa linaweza kuokoa safari, maana kutoka Kisauni hadi Port Reitz ni kuvuka daraja la Nyali, kukata kisiwa kizima, kupita Makupa na kupanda Changamwe, na mgonjwa anayeogopa watu hawezi kupakiwa katika matatu iliyojaa. Pengine ataambiwa aanze na hospitali ya karibu atulizwe kwanza. Pengine ataambiwa njooni, na mlangoni mtaje jina langu. Jina hilo la muuguzi lina thamani kuliko barua ya rufaa, kama mnavyojua mambo ya hospitali zetu.

Wakati simu inapigwa, kuna mtu mwingine anayekaa na mgonjwa. Mmoja, si wanane. Televisheni izimwe. Asibishane naye kuhusu ile sumu, wala asimkubalie; atosheke na kusema naona unaogopa, niko hapa, hakuna atakayekugusa. Maalim au pasta akiwepo na mgonjwa anamheshimu, ndiye afaaye kumsindikiza hospitalini, na wengi wao huifanya kazi hiyo vizuri ukiwaomba. Nisichokubaliana nacho ni kambi za maombi na nyumba za waganga ambako dawa za kliniki hutupwa kwanza ili imani ionekane, halafu mgonjwa akafungwa mti mguuni.

Nina neno kuhusu kesho yake, maana ndipo familia nyingi hukimbia hospitali wasirudi. Mgonjwa amedungwa sindano ya kumtuliza, amerudishwa nyumbani, na siku moja au mbili baadaye shingo inapinda upande, macho yanaganda juu, ulimi unamtoka. Nyumba nzima inapiga yowe: mashetani yamekasirika, tulisema! Hayo ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa za akili, yanatisha kwa macho lakini kwa kawaida huondoka upesi akipewa dawa yake hospitalini. Muuguzi alipaswa kuwaambia kabla hamjatoka wodini. Asipowaambia, ulizeni: akipata shida na dawa hii, tumpigie nani, na usiku je?

Hakuna mahali pamoja tu pa kwenda. Kwa Wakenya wengi ugonjwa wa akili una anwani moja, Mathari, hospitali iliyofunguliwa 1910 kando ya barabara ya Thika, na jina lake limegeuzwa tusi la mtaani kiasi kwamba wapo wanaoogopa lango kuliko ugonjwa. Lakini Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Nakuru na Kakamega kuna wodi, Mombasa kuna hiyo Port Reitz, na katika hospitali nyingi za kaunti yuko angalau muuguzi au tabibu aliyesomea akili. Ukiwa huna hakika, mwulize mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako na begi lake. Serikali iliwapeleka mitaani zaidi ya 100,000 kuanzia Septemba 2023, na wengi wetu huwauliza habari za chanjo na presha tu. Mwulize kliniki ya akili iliyo karibu hukaa siku gani, na usiku zamu ni ya nani.

Hayo yote yanafaa yaandikwe mapema, na mwandishi wa kwanza awe mgonjwa mwenyewe, siku akili yake imetulia. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanampa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake, na hapa ndipo haki hiyo inapopata mwili. Kaeni naye kwenye mkeka, chai ikiwepo. Mwulizeni ugonjwa ukikaribia huanza vipi, maana kila mtu ana dalili zake. Mmoja huanza kuosha vyombo usiku wa manane, mwingine huanza kunyamaza. Nani akikushika hutishiki? Nani asiitwe? Msishangae akimtaja yule mjomba mkubwa, ambaye akiingia tu mambo huharibika. Andikeni jina lake kwenye safu ya wasioitwa na mjomba asionyeshwe karatasi. Andikeni dawa anazotumia na zile zilizomdhuru, nambari ya kadi ya kliniki, nambari ya mwenye gari aliyekubali kuamshwa usiku. Hakikisheni ameandikishwa kwenye bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kitambulisho chake kiwe pahali panapojulikana, kwa sababu karani wa mapokezi atakiomba hata kama mgonjwa yuko chini anagaagaa. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Simu huzima chaji.

Kuna lawama moja isiyo ya familia. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliishauri serikali itangaze ugonjwa wa akili kuwa janga la kitaifa. Ripoti ilisomwa, ikasifiwa. Miaka imepita, na mwananchi bado anabebeshwa kazi ya kukariri nambari za mashirika mbalimbali, kila moja na mlango wake, ilhali mtu aliyechanganyikiwa hakumbuki hata nambari ya mama yake. Marekani, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, tangu 16 Julai 2022 mtu hupiga 988 kutoka jimbo lolote na kupata mshauri. Nao wana shida zao, na nambari pekee haijengi wodi. Lakini Wizara ya Afya ikiwa iliweza kulifunza taifa zima nambari fupi za corona kwa wiki chache, inaweza kutupa nambari moja ya akili, ya bure, inayopokelewa usiku na mtu anayejua hospitali ya karibu na aliyepiga. Wabunge waliopitisha marekebisho ya 2022 waulizwe hilo kwenye mikutano yao ya mashinani, kwa sauti, kama wanavyoulizwa barabara na basari.

Na wewe uliyeisoma makala hii si kwa ajili ya ndugu wala jirani, ila kwa ajili yako, kwa sababu siku hizi mawazo yanakuelemea na hujamwambia mtu: 1199 haikati pesa, na hutalazimika kujieleza vizuri. Piga leo, halafu umwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize hospitalini.